UZI: Likizo imeanza, tuwafundishe watoto kukunja karatasi. Aanze na kikombe, korongo asubiri

FundiMkunjo

Wakuu, salaam.

Shule zimefungwa, na kila nikipita kwenye jukwaa hili la malezi nakuta mzazi anauliza afanye nini na watoto mbali na kuwaachia simu. Mimi naleta langu: kukunja karatasi. Sisemi ile mishale ya kurusha darasani mwalimu akigeukia ubao, hiyo wanaijua kutuzidi. Nasema ule ufundi wenye hatua, ambao dunia nzima imezoea kuuita origami, usiohitaji mkasi wala gundi ukishapata mraba wako.

Nina jambo moja tu na nitalitetea hadi ukurasa wa mwisho: mtoto aanze na kitu atakachokitumia papo hapo, na mikono yako wewe mkubwa isiguse karatasi yake. Wengi huanza na korongo, yule ndege wa shingo ndefu, kwa kuwa ndiye maarufu. Mtoto anakwama katikati, mzazi anasema "hebu lete nikuonyeshe", anamalizia yeye, na mtoto anabaki na ndege wa baba. Kesho ukimwita anakwambia ana usingizi.

Karatasi: A4 ya kuchapishia, ile ya gramu 80, inatosha kabisa. Ina milimita 210 kwa 297. Kupata mraba, shika kona moja ya juu uishushe mpaka ukingo mfupi ulale juu ya ukingo mrefu bila kupishana. Utaona pembetatu, na chini yake ukanda wa milimita 87 uliobaki. Kata ukanda huo, fungua pembetatu, mraba huo hapo. Karatasi ya daftari ni nyembamba na inakunjika kwa raha, ila mistari yake huwachanganya wadogo, wanadhani kila mstari ni mahali pa kukunja. Manila acheni kwanza. Ikifika matabaka manne inapasuka mgongoni.

Sasa namna yenyewe ya kukunja, na hapa naomba msiruke, maana ndipo kazi yote ilipo. Mtoto hukimbilia kubonyeza kabla kona hazijakutana. Mfundishe hivi: kona zikutane kwanza, mkono mmoja uzishikilie, mkono mwingine ubonyeze katikati ya mkunjo, ndipo kidole kiende kulia na kushoto. Mwisho tia ukucha ili mkunjo ukae. Na azungushe karatasi kila mara ili akunje kutoka kwake kwenda mbele, au kutoka chini kwenda juu, asijikunje yeye mkono kufuata karatasi. Kona ikipishana kidogo hatua ya kwanza, hatua ya tano hakuna kitakachokutana na kitu, na mtoto hatajua kosa lilianzia wapi.

Kikombe ndicho hiki:

Weka mraba mbele yako ukiwa umekaa kama almasi, kona moja ikikuelekea. Kunja kona ya chini ifike kona ya juu, upate pembetatu yenye kitako kirefu chini. Chukua tabaka la juu peke yake, ushushe ukingo wake wa kushoto mpaka ulale juu ya kitako, bonyeza kidogo tu upate alama, rudisha. Alama hiyo inaanzia kona ya kushoto na kwenda kugusa ukingo wa kulia. Pale inapogusa, ndipo utakapoipeleka kona ya kushoto. Ipeleke, bonyeza. Ukitazama, ukingo wa juu wa kipande ulichokunja uko sambamba na kitako. Kama umepinda, rudia hapo, usiendelee. Geuza upande wa pili, na kona iliyobaki uivushe hivyo hivyo. Juu zimebaki ncha mbili: moja ishushie mbele uichomeke kwenye mfuko, nyingine ikunjie nyuma. Bonyeza pande mbili kwa vidole, mdomo unafunguka.

Mtieni maji mnywe. Kitako chake ni mkunjo tu, hakina kiungo, kwa hiyo maji hayana pa kupenya mpaka karatasi yenyewe ilowe. Usijaribu na kitu cha moto.

Mtoto akishaweza kukikunja bila kukutazama, mwambie afumbe macho akunje tena. Akiweza, nendeni kwenye kisanduku. Nitakileta baadaye, kwanza nisikie mmefikia wapi.

MamaPacha

Mkuu asante, nimeweka kambi hapa. Nina wawili wa miaka sita, na wote wamekwama pale pa "ukingo wa kushoto". Mmoja anatumia mkono wa kushoto. Nikikaa mbele yao kuwaonyesha, kila mmoja anakunja kinyume chake.

FundiMkunjo

Dada, usikae mbele yao, kaa ubavuni, nyote mtazame upande mmoja. Ukikaa mbele, kulia kwako ni kushoto kwao, na mtoto wa miaka sita huwezi kumtaka ageuze picha kichwani huku vidole vinafanya kazi. La pili, achana na "kulia" na "kushoto". Chora nukta nyekundu kona moja na ya buluu kona nyingine, useme "nyekundu iende ikaguse pale". Huyo wa mkono wa kushoto mwache aanze na kona anayoipenda. Kikombe kina pande mbili zinazofanana, hakijali umeanzia wapi.

KidoleGumba

Kazi zote hizo za nini? YouTube zimejaa video, unamwekea mtoto anafuata. Tusifanye jambo dogo liwe chuo kikuu.

FundiMkunjo

Sikatai video mkuu, na mwenyewe nazitazama. Shida yake haikusubiri. Mtoto anaangalia, anakunja, akiinua macho mwenye video yuko hatua mbili mbele, kwa hiyo anasimamisha kila sekunde tano na mikono inapoteza karatasi. Mchoro umekaa palepale, atautazama hata nusu saa. Wafundishe wakubwa kidogo kusoma michoro. Alama ni chache: vistari vifupi vifupi maana yake kunja kuja mbele, huo unaitwa mkunjo wa bonde. Vistari vyenye nukta katikati maana yake kunja kwenda nyuma, mkunjo wa mlima. Mshale unaonyesha kona inakwenda wapi. Alama hizi zilitengenezwa na Mjapani Akira Yoshizawa (1911–2005), zikaenezwa miaka ya 1960 na Samuel Randlett wa Marekani na Robert Harbin wa Uingereza. Mtoto akizijua anaweza kufuata kitabu cha Kijapani bila kusoma neno moja la Kijapani.

Nyangumi07

Nisaidieni kitu. Si wanasema karatasi yoyote ile haikunjiki zaidi ya mara saba? Tumebishana hapa nyumbani hadi chakula kimepoa.

TichaHesabu

Nyangumi, hiyo ni ya kuambiwa. Chukua A4 uone kwanza kwa nini watu wanaamini: kila ukikunja nusu, matabaka yanakuwa maradufu. Mara saba ni matabaka 128, na karatasi ya unene wa sehemu ya kumi ya milimita inakuwa kipande cha zaidi ya sentimita moja, huku upana umeshakuwa wa kidole. Hakuna tena cha kukunja. Lakini tatizo ni urefu wa karatasi, si namba saba. Mwaka 2002 binti wa sekondari wa California, Britney Gallivan, alikunja karatasi ya chooni yenye urefu wa kama kilomita 1.2 mara 12. Na kabla ya kuikunja alikuwa ameshapiga hesabu ya urefu unaohitajika.

Kwa hiyo aliyesema "yoyote ile" ameshindwa, apashe chakula moto.

Mleta mada, naomba nichomekee jambo la wenye watoto wa darasa la tano kwenda juu. Kunja karatasi nusu, kisha nusu tena kwa kukatiza, ifungue. Katikati mistari minne inakutana. Mwambie mtoto ahesabu ipi imebonyea kama bonde na ipi imetuna kama mlima. Atapata mitatu ya aina moja na mmoja wa aina nyingine. Tofauti ni mbili. Sasa akunje kitu chochote kinacholala bapa kikiisha, akifungue, achague sehemu yoyote ya ndani ambapo mistari inakutana, ahesabu ile iliyokunjwa kweli kwenye umbo la mwisho. Tofauti ni mbili tena. Daima. Wanahisabati wanaliita kanuni ya Maekawa. Nimeona watoto wanaochukia hesabu wakifungua karatasi za wenzao kutafuta iliyovunja kanuni.

KidoleGumba

Ticha hiyo ya mbili mbili nimeijaribu kwenye mshale wangu. Sijapata mistari inayokutana ndani.

TichaHesabu

Mshale wa kawaida mistari yake mingi inaishia kwenye kingo, mkuu. Kwenye ukingo kanuni haifanyi kazi. Tafuta umbo lenye makutano katikati ya karatasi.

BiShangazi

Mimi nampinga mleta uzi kidogo, kwa heshima. Mpwa wangu alikataa kikombe katakata. Alitaka ndege. Nikamwacha ahangaike na ndege, na hamu yake ndiyo iliyomvusha pale pagumu. Ukimlazimisha kikombe kwa sababu wewe umeona ni rahisi, umemwondolea hamu kabla hajaanza.

FundiMkunjo

Shangazi, hoja ina uzito na siipuuzi. Mwenye hamu ya ndege usimnyime. Ila naona ni vizuri tujue ugumu wenyewe uko wapi, ili ahangaike mahali panapostahili. Korongo huanza na umbo la mraba mdogo wenye matabaka, watu hulipata bila shida. Kinachofuata ndicho kinachowatoa wengi machozi: unainua tabaka moja kutoka chini, unalipeleka juu kabisa huku kingo mbili za pembeni zikiingia ndani zenyewe, lifunguke mithili ya ua na kulala jembamba. Mkono wa mtoto unataka kusukuma kwa nguvu, na hapo karatasi inakunjika ovyo. Dawa yake ni kutia alama zote tatu kwanza, mbili za pembeni na moja ya juu, kwa ukucha, mbele na nyuma. Zikiwa zimekaa, tabaka linainuka lenyewe. Huko mbele kuna shingo na mdomo wa kusukumia ndani, lakini aliyevuka hapa anavuka na pale.

Kwa hiyo mpwa wako kama amevuka, mpe pongezi zangu. Bado nasema wa miaka sita aanze kikombe.

BiShangazi

Zimefika. Ana miaka kumi na moja, labda hapo ndipo tunapopishana.

mzee_kijana

Kijana wangu ana kumi na nne. Kikombe kaona cha watoto, chura kaona cha watoto, ndege kaona kapitwa na wakati. Kuna kitu cha umri huo?

FundiMkunjo

Kipo. Mtafutie vipande vya Sonobe, vya Mjapani Mitsunobu Sonobe. Kipande kimoja ni rahisi kuliko hata kikombe, kina ncha mbili na mifuko miwili. Ncha za hiki zinachomekwa kwenye mifuko ya kile. Vipande sita vinatoa mchemraba. Kumi na mbili vinatoa umbo lenye piramidi ndogo nane. Thelathini vinatoa mpira wa miiba ambao ukimwekea mezani atauzungusha mkononi hata kama anajifanya haujali. Hakuna gundi, vinashikana vyenyewe. Mwambie tu asianze kuunganisha kabla hajakunja vyote, na vyote viwe vya ukubwa uleule hadi milimita. Vipande vitatu pia vinaungana, vinatoa kijiwe chenye nyuso sita. Aanzie hapo ajue ncha inaingiaje mfukoni.

Kuhusu "kupitwa na wakati": mwaka 1995 Wajapani walirusha angani satelaiti yenye paneli iliyokunjwa kwa mkunjo wa Koryo Miura. Unavuta pembe mbili zilizokabiliana, yote inafunguka kwa pamoja. Mkunjo huo anaweza kuufanya kwa A4, una mistari ya kupinda kidogo badala ya miraba. Unachosha lakini una raha yake.

Sasa nilete kisanduku kama nilivyoahidi.

Mraba wako kunja nusu pande zote mbili, fungua, una msalaba. Kona zote nne zilete katikati zikutane. Sasa una mraba mdogo. Ukingo wa juu na wa chini wa mraba huo vilete katikati, bonyeza sana, fungua. Kingo za kulia na kushoto vilevile, bonyeza, fungua. Usipotia ukucha hapa kisanduku kitalegea. Sasa fungua kona mbili zinazotazamana, ya juu na ya chini, zile nyingine mbili ziache zimelala katikati. Inua pande za kulia na kushoto zisimame kama kuta. Shika ncha ya juu, inua ukuta wa tatu. Alama za pembeni zitataka kuingia ndani, zisaidie ziingie, kisha vusha ncha juu ya ukuta na kuilaza ndani hadi ifike katikati ya sakafu. Upande wa nne hivyo hivyo. Ncha nne zikikutana sakafuni bila pengo, mikunjo yako ilikuwa safi.

Kwa mraba wa sentimita 21 utapata kisanduku cha upande wa sentimita 7.4 na kimo cha 3.7.

MamaPacha

Kikombe wamefuzu wote! Yule wa kushoto kamtangulia mwenzake. Sasa kisanduku, zile kuta mbili za mwisho zinawashinda, nikitaka kusaidia nakumbuka umekataza kugusa.

FundiMkunjo

Hongera kwao. Kugusa karatasi yako hukukatazwa: kunja cha kwako sambamba nao, ukifika kwenye ukuta wa tatu simama hapo hapo, wakitazame, wakizungushe, hata wakifungue na kukirudisha. Kinachowashinda ni zile pembetatu za kwenye kona. Zikiwa hazina alama ya kutosha hazijui ziende ndani au nje. Warudi kwenye bapa, watie ukucha upya kwenye mistari ya mshazari iliyo kwenye kona nne za sakafu, ndipo wainue tena.

Nyangumi07

Je, kifuniko? Nimekunja visanduku viwili sawa, kimoja hakiingii kwa kingine.

FundiMkunjo

Lazima visilingane. Kifuniko tumia mraba kamili wa 21, cha chini punguza nusu sentimita kila upande uwe wa 20.5. Tofauti inayobaki ni kama milimita mbili, kifuniko kinashuka polepole bila kubana. Ukipunguza zaidi kitacheza.

Mdogomdogo

Samahani naingilia, mimi si mzazi, nina miaka kumi na tatu natumia akaunti ya dada. Chura wangu haruki. Nimefuata kila kitu lakini anainama tu.

FundiMkunjo

Karibu mdogo wangu. Bila shaka mikunjo miwili ya mwisho, ile ya nyuma inayokunjana kama herufi Z, umeitia ukucha sana. Hiyo ndiyo springi. Ikibonyezwa ikafa, chura hana miguu. Kunja mpya, sehemu zote za mbele tia ukucha, hizo mbili ziache zikiwa na uhai kidogo. Tumia karatasi nzito kuliko ya daftari. Na usimbonyeze mgongoni katikati: weka kidole ukingoni kabisa mwa nyuma, bonyeza huku unakiteleza nje.

Mdogomdogo

Karuka!! Kapita juu ya kikombe cha dada.

BiShangazi

Swali dogo mkuu. Baada ya miraba yote hii nina rundo la vile vikanda vya milimita 87. Nitupe?

TichaHesabu

Shangazi usitupe, niachie mimi hilo nijibu. Kata ukanda huo kwa urefu upate vikanda vyembamba vya sentimita moja, vinatoka vinane. Kimoja kifunge fundo la kawaida, kama unavyofunga uzi, kisha ulikaze taratibu sana huku unalilaza bapa. Usilivute kwa nguvu litakunjamana. Likishalala, kata mikia inayobaki. Una pembetano yenye pande tano zilizo sawa, bila rula wala bikari. Mpe mpwa apime pembe zake kwa kipimapembe, kila moja itakuja nyuzi 108. Halafu muulize kwa nini fundo limechagua tano na si sita, ukimjibu haraka umeharibu likizo yake.

BiShangazi

Na mimi usinijibu basi, ngoja nikakate.